Nani Huomba Maji Rungwe

Kwa miaka yote niliyofundisha shule za msingi hapa Rungwe, somo lililonipa taabu kuliko mengine lilikuwa la majira ya mwaka. Kitabu kilisema nchi yetu ina masika na kiangazi. Mimi nilisimama mbele ya watoto waliokuja shuleni wamejifunika majani ya mgomba, sweta zimelowa, nikiwaomba waniamini kwamba kuna miezi ambayo mvua hukatika. Waliniamini kwa heshima tu. Kwetu nguo zilikaushiwa juu ya moto wa jikoni na zilinuka moshi mpaka kanisani. Viatu viliota ukungu uvunguni. Aliyetaka maji aliteremka bondeni, maana kila bonde lilikuwa na kijito chake, na asiyetaka kuteremka aliweka sufuria nje chini ya ukingo wa bati. Kumwagilia shamba kulikuwa jambo la pichani. Nililieleza darasani kama nilivyoeleza jangwa na ngamia.

Naanza na hayo ili msomaji asiyefika kwetu aelewe yaliyompata wifi yangu. Bila hayo atasema tulikuwa wapumbavu, afunge ukurasa.

Wifi yangu ni mjane wa kaka yangu. Kaka alipofariki, ukoo wetu ulikaa baada ya matanga, na baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wetu tangu baba atangulie, akasema mjane abaki kwenye nyumba yake kule Ikuti, alime kipande cha chai kilicho chini ya nyumba, kwenye mteremko unaoshuka mpaka kijitoni. Akaweka sharti moja. Shamba lisilale. Likilala linarudi kwa ukoo, na ukoo utalifanyia jambo jingine.

Wifi hakuwepo barazani kulijibu hilo. Kwa desturi yetu Wanyakyusa, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, wala ndugu za baba mkwe. Hasemi nao, na wakikutana njiani yeye ndiye anayechepuka kwenye migomba mpaka mzee apite. Vijana wa mjini wameiacha desturi hiyo, lakini wifi yangu hakuiacha. Kwa hiyo mimi, binti wa ukoo, ndiye niliyetumwa jikoni kumpelekea sharti, na ndiye niliyerudi na jibu: amesikia, anashukuru, halitalala. Alikuwa na mabinti wawili shuleni. Kipande kile kilikuwa ada yao na sabuni yao, na kilikuwa haki yake ya kuendelea kuitwa mtu wa pale.

Chai ndiyo iliyoanza kumwangusha. Chai inataka ukungu wa asubuhi na manyunyu ya mchana. Mvua ikichelewa, jani linakomaa kabla ya kuchumwa, linakuwa gumu kama ngozi, na kwenye banda la kupimia linarudishwa. Mwanzoni ukavu ule ulikuwa wa wiki chache za mwezi wa nane, na sisi tukauona bahati, maana nguo zilikauka nje. Baadaye ukaingia mwezi wa tisa, halafu wa kumi. Wifi alikuwa akirudi na kapu la majani yaliyokataliwa, anawamwagia ng'ombe, na ng'ombe nao wanayaacha.

"Wifi, ng'ombe wangu wamesoma," aliniambia. "Wanajua daraja la kwanza."

Wakati huohuo parachichi lilipanda cheo. Kizazi changu kililisha nguruwe matunda hayo, yale makubwa ya kienyeji yaliyooza chini ya miti bila mtu kuyainamia. Sasa walikuja wanunuzi na magari yenye ubaridi, wakitafuta tunda la aina nyingine, dogo, linaloiva likawa jeusi. Kukawa na semina pale Tukuyu mjini, na kwa kuwa ni mwalimu mstaafu niliombwa nikawaeleze akina mama wa kikundi cha Ikuti, kwa Kinyakyusa, kile mtaalamu alichokisema kwa Kiswahili cha ofisini.

Nililipenda somo lile. Niliwaambia hivi: joto la dunia likipanda kidogo, mazao nayo yanapanda mlima. Mahindi yaliyodumaa kwa baridi huku juu sasa yanakomaa. Na mnunuzi wa mbali akikuta kule alikozoea kununua kumekuwa kukavu mno, anatafuta nchi nyingine yenye udongo mzuri na maji, anatukuta sisi. Nchi inapata fedha za kigeni, barabara inatengenezwa, vijana wanapata kazi. Hiyo ndiyo wanayoiita fursa. Upande wa pili kuna hatari: mvua isiyojulikana itakuja lini, mvua ya mawe, wadudu tusiowajua. Mtaalamu aliyataja maneno hayo mawili pamoja, hatari na fursa, kama mapacha wa mama mmoja, nami nikayataja hivyohivyo. Hakuna aliyeuliza kama atakayepata fursa ndiye atakayebeba hatari. Mtaalamu hakusema. Kwenye kitabu chake yote mawili yalikuwa ya nchi, na nchi ni moja.

Wifi aling'oa chai mstari kwa mstari. Mizizi ya chai ya zamani ni kazi ya wanaume wenye sururu, lakini yeye na mabinti waliichimba wenyewe likizo nzima, wakaichoma, wakapanda miche ya parachichi lile dogo, iliyobebeshwa, yaani kijiti chake kimeungwa kwenye shina la kienyeji. Mwaka ule kila nilipokwenda Ikuti nilimkuta kati ya miche, anaweka matandazo ya majani makavu shinani, anaisemesha. Nilimuuliza anaiambia nini. Alisema anaiambia iharakishe, kwa sababu baba mdogo anapita pale barabarani kila Jumapili na shingo yake ni ndefu.

Miche ilipofika kiunoni, shamba kubwa la juu ya kilima, lililokuwa limesahauliwa na kuota magugu, likapata wenyewe. Ilikuwa kampuni ya parachichi. Walifanya mambo yao kwa utaratibu, na kabla ya kupanda mti hata mmoja walikuja kwenye mkutano wa kijiji. Walikuwa vijana wenye adabu, mashati yamenyooshwa. Walisema wanataka kutoa maji kwenye kijito chetu, kule juu kinakoanzia, na kwamba taratibu zinawataka kwanza kijiji kiulizwe kama kina pingamizi. Nilikuwa nimekwenda kumtembelea wifi tu, lakini wazee wakaniita mbele niwatafsirie.

Nilimaliza kutafsiri. Watu walikuwa wakingoja ombi lenyewe, wakidhani hayo ya maji ni salamu. Mzee mmoja wa benchi la mbele, anayejulikana kwa utani mpaka misibani, akaniuliza kama nimesikia vizuri. Nikasema nimesikia.

"Basi waulize, mwalimu," akasema. "Hewa watakuja kuiomba lini?"

Mkutano mzima ulicheka. Mwenyekiti alicheka mpaka akavua kofia. Mimi nilicheka. Wifi alikuwa nyuma kabisa ya akina mama, amegeuka upande kwa sababu baba mdogo alikuwa benchi la mbele, na hata yeye niliona mabega yanamtikisika ndani ya kitenge.

Lazima nieleze jambo hapa. Kwetu anayeomba maji hanyimwi. Kumnyima ni tusi ambalo hata mtu mgomvi hulikwepa. Lakini pia kuomba maji ni jambo la jirani: unachota, unashukuru, na yakipungua mnapangiana zamu, wewe asubuhi, mwenzio jioni, wala hakuna anayeandika. Hivyo ndivyo masikio yetu yalivyolipokea ombi lile. Vijana waliuliza mara ya pili kama kuna mwenye pingamizi, na kuna mtu akawajibu wasijichoshe, mvua ya saa nane inakuja. Mikono yote ikanyooka juu. Tukawapikia ndizi, tukawapa maziwa ya mgando, wakashukuru kwa kusema "ndaga fijo" kwa lafudhi ya kuchekesha, tukawapenda. Na mvua ya saa nane ilikuja kweli, tukakimbilia chini ya paa la shule pamoja nao.

Sitaki kuwaonea. Miaka ya mwanzo ilikuwa mizuri. Walichonga barabara iliyokuwa ikitushinda. Walichukua vijana kazini. Gari lao lilinunua hata matunda ya wakulima wadogo, na walipima bila ujanja. Wifi alipovuna mara ya kwanza aliezeka jiko bati jipya, na akanijia kwangu mjini amefunga tunda moja ndani ya kanga, amelipakata kama mtoto mchanga.

"Mpokee mtoto wa kaka yako," akasema. "Ana sura ya marehemu, ila yeye anauzika."

Tulicheka, kisha tukalia kidogo, kisha tukalila kwa chumvi.

Halafu ukaja mwaka ambao mvua ilikatika mapema na haikurudi. Nieleze tena kidogo, kwa sababu hapa ndipo kisu kilipogonga mfupa. Mparachichi huku kwetu hutoa maua wakati wa kiangazi. Matunda machanga yanashika wakati ardhi imekauka kuliko wakati wote. Zamani haikuwa shida, kwa kuwa kiangazi chetu kilikuwa jina tu, na udongo ulibaki na unyevu wake. Maji yakikosekana kweli, mti unajiokoa wenyewe kwanza. Unaangusha matunda, ukiona bado, unaangusha majani. Hauna ubaya. Unafanya kama mtu aliyelemewa anavyotua mzigo.

Kijito kikapungua. Kwanza mawe yalijitokeza, kisha maji yakawa uzi kati ya mawe, kisha vidimbwi vilivyotengana. Wifi alibeba ndoo kutoka bondeni, mti hadi mti. Nilipanda basi nikaenda kumsaidia.

"Umekuja kubeba ndoo na viatu vya Pasaka?" akaniuliza.

Nikavua viatu. Mteremko ule ni mkali hata kwa mtu mikono mitupu. Tulimwagia miti, udongo ukayanywa maji kabla hayajatulia, na ukiuangalia baadaye kidogo hujui kama uliloweshwa. Siku iliyofuata dimbwi letu lilikuwa tope, ikabidi kungoja lijae upya, kikombe kwa kikombe. Na ukiinua macho kutoka pale ulikuwa unaona kilima cha kampuni, mistari na mistari, kijani kilichokolea kama kitambaa kipya.

Tukapanda juu, yeye na mimi na akina mama wachache wa kikundi, mpaka kwenye banio, pale wanapoyazuia maji na kuyaingiza bombani. Tulimkuta kijana anayesimamia maji. Alitupokea kwa shikamoo, akatutafutia mahali pa kukaa kivulini. Wifi ndiye aliyesema. Pale hapakuwa na mkwe.

"Mwanangu, tumekuja kuomba zamu," alisema. "Ninyi usiku, sisi mchana. Au mchana ninyi, sisi usiku. Hatuchagui."

Kijana alisikitika, na sikuona unafiki usoni mwake. Alieleza polepole, kama ambavyo ningeeleza mimi. Kibali chao kina kipimo, wanakilipia, hawajazidisha. Wameagizwa kuacha kiasi fulani kipite kwenda chini, nao wanaacha, ila mwaka huu kinachopita chini ndicho hicho tunachokiona. Yeye mwenyewe hana mamlaka ya kugawa. Kisha akauliza, kama mtu anayetafuta namna ya kutusaidia:

"Mama, sisi tuliomba. Ninyi mliomba?"

"Kuomba maji?" wifi alisema. "Haya ya kwetu?"

"Ndiyo, mama. Hata ya kwenu yanaombwa."

Tulimuaga. Tuliteremka. Wiki ileile nilifuatana na akina mama kwenye ofisi ya vibali. Huko nako tulipokewa vizuri, tukaambiwa ukweli: kikundi chetu kinaweza kuomba, na ombi litapokelewa, lakini kwa miezi ya ukame kijito kile kimeshagawiwa chote. Tukashauriwa kuchimba bwawa, au kuweka matenki ya kuvuna mvua. Ushauri ulikuwa sahihi. Mama mmoja akauliza kama mvua ya kuvuna inaombwa kwenye dirisha lilelile au la pili, na mtumishi, Mungu ambariki, hakukasirika.

Matunda yakaanguka. Yalikuwa na ukubwa wa gololi, na ukisimama shambani adhuhuri uliyasikia yakigonga matandazo makavu, hapa moja, kule mawili. Wifi aliacha kubeba ndoo siku aliyookota beseni zima. Majani yakafuata.

Baba mdogo akaita kikao nyumbani kwa wifi. Msomaji asimchukie. Ni mzee ambaye yeye mwenyewe alikuwa amezika ng'ombe mwaka ule, na ana wajukuu wengi wasio na ardhi. Kampuni ilikuwa ikitafuta vipande vya kukodi vinavyopakana nayo, na walikuwa wamemfuata. Alikaa sebuleni na wadogo zake wawili. Wifi alikuwa jikoni anapika chakula chao. Mimi nikawa katikati, na kati ya vyumba hivyo kuna ukuta wa mbao tu.

"Mwambie mkamwana," baba mdogo alisema, "shamba limelala."

Nikaenda jikoni.

"Mwambie baba halijalala," wifi alisema, anageuza ndizi. "Lina kiu."

Nikarudi. Baba mdogo alikuna goti muda mrefu. Alisema hilo analijua. Lakini wale wana maji, wako tayari kukodi, na miti wataikuta imesimama, hivyo hawatalipa bei ya pori. Nyumba itabaki yake, hakuna wa kumgusa, na wajukuu wale wawili wa kike ukoo hautawatupa. Nikayapeleka yote kama yalivyo.

"Mwambie anipe masika moja," wifi alisema. Hakuwa anageuza ndizi tena.

Nikarudi, nikasema: anaomba masika moja.

"Masika ipi?" baba mdogo akaniuliza. Hakupandisha sauti. "Wewe ndiye mwalimu. Niambie mvua inaingia lini, hata mwezi tu, nami nitamsubiri. Mwezi wa kumi na moja? Wa kwanza? Sema, nitashika neno lako."

Maisha yangu yote nimeulizwa maswali na nimejitahidi kuyajibu, na mtu asipoelewa narudia kwa njia nyingine. Lile sikuwa na njia yake hata moja. Nilisimama mlangoni. Kutoka nyuma ya mbao nikasikia sufuria inaepuliwa.

"Mwambie nimesikia," wifi alisema, kwa sauti ambayo ilifika sebuleni bila mimi.

Mvua iliingia Januari, kwa fujo, ikabomoa daraja. Wakati huo kampuni ilikuwa imekwisha kuvuta bomba mpaka mteremkoni.

Msimu uliofuata nilisikia redioni kwamba mauzo ya parachichi nje ya nchi yameongezeka, na kwamba Nyanda za Juu Kusini zinaonyesha jinsi taifa linavyoweza kugeuza mabadiliko ya tabianchi kuwa fursa. Si uongo. Nimekaa nikaipima habari hiyo neno kwa neno na sikuona uongo. Miti ya wifi yangu imo katika hesabu hiyo. Kwa nchi hakuna kilichopotea: tunda ni lilelile, limetoka mteremko uleule, limepita bandari ileile. Ukisimama mbali vya kutosha, hata ukame ule unaonekana umepita bila kumuumiza mtu.

Siku hizi nikiitwa kueleza, kwa akina mama wa Lufingo au Masukulu, naanza na maji. Nawaambia kabla ya mche, kibali. Kabla ya shimo la mti, shimo la bwawa. Nawaambia wanaweza, kwa sababu wanaweza kweli, na vikundi viwili vimeomba na kupata. Wengi bado wanacheka. Nje kunanyesha, na mtu mzima anawaambia waende kuomba maji. Nacheka nao kidogo, kisha narudia tangu mwanzo.

Wifi aliajiriwa. Kampuni ilihitaji watu wa kumwagilia upande wa chini, ambako mipira ya kudondosha maji tone kwa tone ilikuwa haijafika, na yeye anaijua ile ardhi. Nilikwenda kumwona mwezi wa tisa, mvua imekatika. Nilimkuta kwenye ule mteremko wa chini ya nyumba yake, amevaa koti la kazi, mpira mkononi, anamwagilia mti mmoja baada ya mwingine kwa muda aliopangiwa. Miti ilikuwa imekatwa vichwa na kuchipua upya, imejaa maua. Nyuki walikuwa wengi kiasi kwamba tuliinua sauti.

Alinionyesha kwa kidole ule uliotangulia kuangusha majani, akasema umerudi vizuri kuliko wote. Alinieleza kwamba maji ya bomba ni ya baridi kuliko ya bondeni, na miti inayapenda. Nikafungua mdomo kusema jambo, sijui jambo gani, pengine pole.

"Usinisikitikie hapa, wifi," akasema bila kuacha kazi. "Msimamizi yuko pale."

 Nikaushika mpira kwa nyuma yake usikwame kwenye mawe, tukashuka nao mti hadi mti, mpaka tulipofika mstari wa mwisho.